Goma: Ukikimbia, vyombo unamwachia nani?

Godoro halibebeki mgongoni ukiwa tayari umebeba mtoto. Kitanda, meza, mashine ya kushona na friji ndogo ya kuuzia vinywaji havipandi pikipiki iliyokwisha kupakia watu watatu. Ndiyo maana kila inapotangazwa mjini Goma kwamba watu wahame, kabla hata ya kuuliza njia ipi ni salama, familia nyingi hujikuta na swali jingine: vyombo tunamwachia nani?

Mara nyingi jibu liko upande wa pili wa ukuta wa mbao. Ni jirani. Si ndugu wa Bukavu wala mwenye nyumba anayekuja mara moja kwa mwezi kuchukua kodi. Ni yule mama au papa wa parsele ya pili ambaye leo amesema anabaki.

Katika mji ambao kwa miaka zaidi ya 20 umehamishwa na volkano na vita, na ambao wenyewe umewapokea mamia ya maelfu ya watu waliokimbia Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, jirani amekuwa ghala, mlinzi na shahidi kwa wakati mmoja. Hakuna anayemlipa, na karatasi ya makubaliano ni nadra kuandikwa. Vyombo vinavyoachwa huwa ni matunda ya jasho la miaka mingi, na ikitokea hitilafu, kinachopotea si sufuria peke yake. Ujirani nao huvunjika.

Siku mji ulipohama

Jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ilishuka hadi Buhene, pembezoni mwa Goma, ikateketeza maelfu ya nyumba na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Usiku huohuo maelfu walivuka mpaka na kuingia Gisenyi, nchini Rwanda, wakiwa na kile tu mikono ilichokishika, na wengi wakarudi kesho yake.

Agizo la kuhama lilikuja siku tano baadaye. Asubuhi ya Alhamisi, 27 Mei, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliwataka wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke. Hofu ilikuwa kwamba magma imesambaa chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Majengo, Mabanga, Virunga, Murara, Mapendo na Bujovu ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyotajwa. Watu wapatao 400,000 waliondoka wakielekea Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi.

Mgawanyo huo ulikuwa na maana kubwa kwa vyombo vya nyumbani. Mitaa minane haikuwemo katika orodha. Mtu wa Majengo mwenye shangazi Ndosho, au wa Mapendo mwenye rafiki Keshero, alikuwa bado na mahali pa kupeleka godoro na sanduku la nguo. Asiyekuwa na mtu upande huo alibaki na njia mbili: kufunga mlango kwa kadenasi na kumwomba Mungu, au kumwacha mtu mmoja wa familia nyuma. Waliobaki kulinda nyumba wakati mke na watoto wakienda Sake walikuwa wengi, ingawa kubaki huko kulikuwa kinyume cha agizo na hatari kwa maisha yao.

Ruhusa ya kuanza kurudi hatua kwa hatua ilitangazwa na Waziri Mkuu Sama Lukonde tarehe 7 Juni, siku 11 baada ya agizo la kuondoka.

Wazee wa mji walikuwa wameyaona hayo kabla. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya barabara ya kurukia ndege na eneo la biashara, kisha ikaingia ziwani. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi. Lakini ndani ya siku chache wengi walirudi, mawe yakiwa bado ya moto chini ya viatu. Moja ya sababu ilikuwa hofu ya uporaji. Watu walipendelea kulala kando ya mlima uliotoka kulipuka kuliko kuacha nyumba bila mwenyewe.

Hilo lafaa kukumbukwa na kila anayepanga kuhamisha watu wakati wa maafa. Mtu asiyejua nani analinda nyumba yake hachelewi kurudi, hata kama alikokimbia bado hakuna usalama.

Kwa nini jirani na si ndugu?

Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu wa damu huwa na upendo, lakini anayesikia kadenasi ikivunjwa saa nane za usiku ni jirani. Nyumba nyingi za Goma zimejengwa kwa mbao juu ya mawe ya volkano, zikikaribiana kiasi kwamba kikohozi cha huku kinasikika kule. Mbao na mabati vyenyewe ni mali: nyumba ya aina hii hubomolewa ikahamishwa, na mwizi mwenye muda anaweza kung'oa mlango, madirisha, kisha paa.

Imani hiyo haianzi siku ya kukimbia. Huanzia kwenye mambo madogo: bidoni iliyoazimwa siku maji yalipokatika, makala ya kuwashia mbabula, viti vya matanga, mtoto aliyeachwa kwa nusu siku wakati mama yuko sokoni Birere. Majirani huitana kwa jina la mtoto wa kwanza, mama wa fulani au papa wa fulani, na baada ya miaka kadhaa hawajuani kwa jina jingine. Siku ya mbio, mtu hufanya hesabu hiyo bila kuisema: nani kati ya hawa amewahi kurudisha nilichomwazima?

Ukiangalia kwa makini, kuna namna tatu za kuacha mali kwa jirani. Ya kwanza ni kuacha ufunguo tu: vyombo vinabaki ndani ya nyumba, jirani anapita kutazama. Ya pili ni kuhamisha vyombo kwenda kwake, na hapo anabeba mzigo ndani ya nyumba ambayo pengine ina vyumba viwili na watoto sita. Ya tatu ni kumwachia nyumba yenyewe, aishi ndani au aweke mtu, kwa kuwa nyumba yenye moshi jikoni haivunjwi kirahisi kama nyumba iliyofungwa.

Kwa mifugo kuna utaratibu wa zamani zaidi. Katika maeneo ya Kivu na Rwanda, kumwachia mtu ng'ombe amchunge si jambo geni, na wasemaji wa Kinyarwanda huliita kuragiza. Anayechunga hunywa maziwa, na mambo ya ndama huzungumzwa mapema. Anayeacha mbuzi au kuku kwa jirani leo, akikimbia vita, hufuata mantiki ileile: anayetunza lazima apate kitu. Vyombo vya nyumbani havizai wala havitoi maziwa, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtunzaji hupata mzigo mtupu.

Hatari ya anayebaki

Mazungumzo mengi kuhusu mali za waliokimbia humtazama aliyeondoka. Aliyebaki husahaulika, ilhali naye yuko katika hatari.

Kwanza, nyumba yenye magodoro matano na televisheni mbili huvutia macho. Wanaopora hawaulizi kipi ni cha mwenyewe na kipi ni amana. Pili, wakati wa vita, kukutwa na mali ya mtu asiyekuwepo kunaweza kuzua maswali. Baada ya waasi wa M23 kuingia Goma usiku wa kuamkia 27 Januari 2025, mji ulishuhudia misako ya kutafuta silaha na wanajeshi. Katika hali kama hiyo, mtu aliyepokea begi lililofungwa bila kujua lina nini yuko hatarini. Sare moja ya kijeshi ndani ya begi la jirani inatosha kumletea matatizo asiyoweza kuyaeleza.

Tatu, mtunzaji huwajibika kwa kitu asichokuwa na uwezo wa kukilinda. Panya wakitafuna godoro, mvua ikipenya kwenye mabati, mtoto akivunja kioo cha kabati, yeye ndiye atakayesimama mbele ya mwenye mali akieleza. Na kuna aibu ya njaa. Anapokuwa na debe la maharage la jirani chini ya kitanda, na watoto wake hawajala, kuna siku atalifungua. Ni busara chakula kisiachwe kama amana. Afadhali mwenyewe aseme wazi: hiki kuleni.

Siku jirani naye anapokimbia

Utaratibu huu wote umesimama juu ya nguzo moja: lazima awepo mtu anayebaki. Vita ya miaka ya karibuni imeitikisa nguzo hiyo.

Tangu M23 ilipoanza tena mapigano mwishoni mwa 2021, watu walikimbia kijiji kwa kijiji. Aliyetoka Rutshuru aliweza kuacha vyombo kwa rafiki wa kijiji cha mbele, na mwezi uliofuata rafiki huyo naye akajikuta njiani. Mwezi Februari 2024 ilikuwa zamu ya Sake, mji mdogo ulio takriban kilomita 25 magharibi mwa Goma, ambao mwaka 2021 ulikuwa kimbilio la waliokimbia volkano. Aliyepokea vyombo vya wenzake sasa alitafuta wa kupokea vyake. Amana hupita mkono wa pili, wa tatu, na kila mkono unapoongezeka, kumbukumbu ya nini kilikuwa cha nani hupungua.

Wengi waliishia kambini pembezoni mwa Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo, na wengine katika nyumba za wenyeji. Kibanda cha bashi hakina mlango wa kufunga. Aliyefanikiwa kununua kitu cha thamani baada ya kufika, redio, simu ya pili au mashine ya kushona, alikuwa na sababu ya kukiweka kwa mkazi wa mtaa wa jirani mwenye nyumba ya mbao. Hivyo wakimbizi wa ndani nao wakawa na amana zao Mugunga na Lac Vert.

Kisha ikaja Januari 2025. Mapigano yalipoingia ndani ya mji, uporaji ulienea. Maghala ya mashirika ya misaada, yakiwemo ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, yaliporwa, na wafungwa walitoroka gereza kuu la Munzenze. Mwezi uliofuata kambi zilivunjwa, na M23 iliwapa wakimbizi saa 72 waondoke. Familia zilifungua bashi, zikang'oa miti ya vibanda na kuanza safari ya kurudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Asiyeweza kubeba kitu alichagua moja kati ya mawili: kukiuza kwa bei ya kutupa, au kukiacha kwa mtu aliyemfahamu kwa mwaka mmoja au miwili tu. Wengi waliofika vijijini walikuta nyumba zao zimebomolewa, mbao na mabati havipo.

Benki za Goma nazo zilifungwa tangu kipindi hicho, na fedha taslimu zikawa adimu. Hata yule aliyetaka kumtumia mtunzaji nauli ya kusafirisha vyombo, au shukrani kidogo, alitegemea simu.

Sheria inasemaje

Watu wengi hudhani kwamba jambo lisiloandikwa halina sheria. Si kweli. Sheria ya mikataba ya Kongo, iliyotokana na dekrii ya 30 Julai 1888 na ambayo bado inatumika, inaitambua amana: mtu anapokea kitu cha mwenzake kwa sharti la kukitunza na kukirudisha chenyewe.

Misingi yake ilitoka katika sheria za kiraia za Ubelgiji na Ufaransa, na inaeleweka hata bila wakili. Anayetunza bure anatakiwa kukitunza kitu kama anavyotunza vyake, si zaidi. Hatakiwi kukitumia bila ruhusa ya mwenyewe. Hawajibiki ikiwa kimepotea kwa nguvu asizoweza kuzizuia, kama vile moto, lava au watu wenye silaha. Na mwenyewe akikidai, lazima akirudishe.

Sheria hizo zina hata kifungu cha amana ya dharura, ile inayotolewa wakati wa moto, uporaji au janga jingine la ghafla. Kwa amana ya namna hiyo ushahidi wa watu unakubalika, kwa sababu anayekimbia hana muda wa kuandika hati. Kwa maneno mengine, yule jirani wa tatu aliyekuona ukikabidhi mashine ya kushona ana uzito mbele ya sheria.

Kwa upande wa jinai, kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinamlenga anayeuza au kutapanya kwa hila kitu alichokabidhiwa ili akirudishe. Adhabu yake ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano pamoja na faini.

Kimataifa, Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Uhamaji wa Ndani za mwaka 1998 zinasema mali zilizoachwa na waliokimbia zilindwe dhidi ya uharibifu na dhidi ya kuchukuliwa au kutumiwa kinyume cha sheria. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwezi Oktoba 2009, unazitaka nchi zichukue hatua za kulinda mali hizo.

Hata hivyo, kifungu kinahitaji hakimu. Mahakama za serikali ya Kinshasa zilisimama Goma baada ya mji kuchukuliwa. Kwa mwananchi wa kawaida, kinachobaki ni mkuu wa nyumba kumi, mkuu wa avenyu, mzee wa kanisa au wa msikiti, na dhamiri ya mtu. Hilo linafanya makubaliano ya mwanzo yawe na thamani kubwa zaidi kuliko kesi ya mwisho.

Dakika kumi kabla ya kuondoka

Mambo machache, yakifanywa hata kwa haraka, huokoa mali na ujirani.

La kwanza ni kuhesabu pamoja. Vitu vifunguliwe, vionekane, vitajwe kimoja kimoja, na mtunzaji ajue kila kilicho ndani ya begi. Anayekataa kufungua begi lake asilazimishe mwenzake kulipokea. Picha za simu zikitumwa kwa pande zote mbili papo hapo, huwa orodha yenye tarehe, isiyopotea hata karatasi ikiungua.

La pili ni shahidi. Mtu wa tatu, ikiwezekana mkuu wa nyumba kumi, aone au aambiwe. Shahidi hamlindi mwenye mali peke yake. Humlinda pia mtunzaji siku atakapoambiwa kwamba kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo.

La tatu ni kusema wazi kuhusu matumizi. Sufuria zitumike au zikae? Televisheni iwashwe? Mashine ya kushona ifanye kazi na faida igawanywe? Ugomvi mwingi unaweza kuzuiwa hapa, kwa sababu mmoja anaona kutumia ni haki ndogo ya anayetunza, na mwingine anaona ni dharau.

La nne ni kusema itakuwaje mtunzaji akikimbia. Anaruhusiwa kumkabidhi mwingine? Nani? Anaruhusiwa kuacha kila kitu na kuokoa watoto wake? Jibu la swali hilo la mwisho ni moja tu, na ni vizuri mwenye mali alitamke kwa kinywa chake: kimbia, vitu viache. Maneno hayo yanaweza kuokoa maisha ya mtu anayebaki nyuma kwa sababu ya aibu.

La tano, vyombo visiwekwe vyote mahali pamoja, na hati zisiachwe kabisa. Kadi ya mpiga kura, ambayo Kongo hutumika kama kitambulisho, hati ya parsele, vyeti vya shule na daftari la chanjo ya mtoto hubebwa mwilini. Pesa nazo si za kuacha. Noti haina alama ya mwenyewe, na hata mtu mwaminifu hushindwa kuthibitisha kwamba ni zilezile.

Anaporudi mwenyewe

Kurudi nako kuna adabu yake. Mwenye mali haji moja kwa moja na chukudu ya kubebea. Kwanza husalimia, huuliza habari za watoto, hukaa. Akiweza, huja na sabuni, sukari au chochote alichojaliwa. Si malipo. Ni kukiri kwamba mwenzake alilala na wasiwasi usiokuwa wake.

Ndipo huhesabu, shahidi akiwepo, wakilinganisha na picha za simu. Kilichochakaa kwa muda kisamehewe. Kilichotumika kwa makubaliano kisizungumzwe tena. Kilichoporwa, mtunzaji aeleze siku gani, namna gani, na nani mwingine aliona. Jirani aliyeporwa pamoja nawe hana deni la godoro, lakini ana deni la maelezo ya kweli, na mara nyingi maelezo hayo ndiyo ambayo mwenye mali alikuwa akiyasubiri. Aliyeuza kwa njaa afanye vivyo hivyo: aseme mwenyewe kabla hajaulizwa, na wapatane namna ya kulipa kidogo kidogo mbele ya shahidi yuleyule.

Nyiragongo bado unatoa moshi juu ya mji, na barabara za Sake na Rutshuru bado hazijapata amani ya kudumu. Mazungumzo haya si ya kungoja tangazo la redio. Jioni moja yenye utulivu, majirani wawili wakiwa wamekaa nje, wanaweza kuulizana: likitokea tena, wewe utabaki au utaondoka? Na kama utaondoka, ufunguo utakuwa kwa nani?